Kupima kemikali zinazovunja kromosomu kwa kutumia ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yamekusudiwa wanafunzi wa uzamili, mafundi sanifu wa maabara na watafiti wa mifugo wanaotaka kujua kama kemikali fulani inavunja kromosomu, na wana kuku au kware karibu kuliko panya wa maabara. Sehemu kubwa inahusu yai la kuku lenye kiinitete. Ndege waliokomaa na ndege wa porini wanaguswa kwa ufupi.

Tahadhari moja ya lugha kabla ya kuanza. Kiswahili kimetupa viini vitatu: kiini cha yai, kiini cha seli na kiinitete. Hapa "kiini" peke yake ni cha seli. Kile cha yai tutakiita ute wa njano.

Klastojeni ni nini hasa?

Ni kitu kinachokata kromosomu: kemikali, au mnururisho kama eksirei. Mkato ukishindwa kuungwa, au ukiungwa vibaya, unabaki na vipande visivyo na sentromea (sehemu ambayo nyuzi za seli hushika kromosomu), kromosomu zenye sentromea mbili, au pete. Usiichanganye na anyujeni, ambayo haikati chochote bali inaharibu nyuzi zinazovuta kromosomu wakati seli inagawanyika, hivyo kromosomu nzima inaachwa nyuma. Kolkisini na vinkristini ni anyujeni. Mitomaisini C na siklofosfamaidi ni klastojeni. Pia kuna kemikali zinazobadilisha herufi moja tu ya DNA bila kukata kitu. Hizo majaribio ya humu yanaweza kuzikosa kabisa, na si kosa la yai.

Kwa nini ndege, wakati panya wana miongozo yao tayari?

Kwanza, yai ni mfumo uliofungwa. Unachokiweka kinabaki humo, hakuna mama anayekimeng'enya wala kukikojoa, na kipimo unakijua kwa hakika. Pili, ini la kiinitete cha kuku lina vimeng'enya vya kubadilisha kemikali tangu mapema. Kemikali nyingi hazina madhara mpaka mwili uzigeuze, na seli za chupani zinahitaji kuongezewa dondoo la ini la panya ili kuigiza kazi hiyo. Yai linaifanya lenyewe. Tatu, chembe nyekundu za damu za ndege zina kiini maisha yake yote, hivyo tone moja la damu linakupa mamilioni ya viini bila kuua mnyama. Nne ni bei, na hapo hatuhitaji kueleza.

Kasoro zipo. Kemikali haipiti tumboni, kwa hiyo hujui lolote kuhusu ufyonzwaji kwa njia ya chakula. Vitu vinavyopenda mafuta vinaweza kujificha kwenye ute wa njano. Na ndege si mamalia: kemikali moja inaweza kumeng'enywa tofauti kabisa hata kati ya kuku na bata.

Kromosomu za kuku zikoje, na zinaathiri vipi jaribio?

Kuku ana kromosomu 78, yaani jozi 39, na kware wa Kijapani ana idadi hiyo hiyo. Jozi kama 10 ni kubwa na zinasomeka vizuri. Zilizobaki ni mikrokromosomu, vinukta vidogo ambavyo kwenye hadubini havikuonyeshi mkato wala umbo. Jike ndiye mwenye kromosomu za jinsi zisizofanana, ZW, na dume ni ZZ, kinyume na binadamu.

Hapa wengi hujikwaa. Mwanafunzi aliyezoea kromosomu 46 za binadamu anataka kuhesabu zote 78 katika kila seli. Usihangaike. Soma mikato kwenye jozi kubwa 8 hadi 10 tu, amua idadi hiyo kabla ya kuanza, na iandike kwenye itifaki. Fahamu pia kwamba mikrokromosomu zimebeba karibu nusu ya jeni za kuku ingawa ni kama robo tu ya DNA yote, hivyo jaribio lako halioni sehemu hiyo. Na mikrokromosomu nzima ikipotea, mikronukliasi (kiini kidogo cha pembeni, tunakieleza hapa chini) itakayotokea itakuwa ndogo mno, huenda usiione kabisa. Ndiyo maana jaribio la damu ya kuku huona klastojeni vizuri kuliko linavyoona baadhi ya anyujeni.

Mikronukliasi ni nini?

Seli inapogawanyika, kipande cha kromosomu kisicho na sentromea hakina pa kushikwa. Kinabaki nyuma, kinafungwa utando wake, na kinaonekana kama kijiduara cha rangi ile ile pembeni ya kiini kikuu. Kwa mamalia, chembe nyekundu hutema kiini chake, hivyo kijiduara hicho hubaki peke yake na kung'aa. Kwa ndege, kiini kikuu kipo palepale na kinaweza kukifunika. Hiyo ndiyo bei tunayolipa kwa urahisi wa kupata damu.

Jaribio la yai linafanywaje?

Jaribio la mikronukliasi kwenye yai la kuku lilianzishwa Osnabrück, Ujerumani, na Thorsten Wolf pamoja na Niels-Peter Lüpke, waliolichapisha mwaka 1997. Limeboreshwa tangu hapo, lakini mifupa yake ni ile ile: kemikali siku ya 8, damu siku ya 11.

Pima mayai na uchague ya uzito unaokaribiana, tuseme gramu 50 hadi 60, yasiyo na nyufa wala madoa ya chokaa kwenye ganda. Yaache yafikie joto la chumba kabla ya kuyaingiza kwenye mashine ya kutotolesha, la sivyo jasho la ganda litaingiza bakteria. Weka mashine yenye feni kwenye nyuzi 37.5 hadi 37.8 za Selsiasi, unyevu kama asilimia 55 hadi 60, na mayai yageuzwe kila baada ya saa mbili au tatu. Andika saa uliyoyaweka. Siku ya 8 maana yake ni saa 192 zimetimia. Usihesabu kwa kalenda ukutani.

Siku ya 8, kwenye chumba chenye giza, mulika kila yai. Utaona mtandao wa mishipa na doa jeusi la jicho linalocheza. Lisilo na mishipa, au lenye pete ya damu, litoe. Chora kwa penseli mpaka wa chumba cha hewa upande butu. Futa ganda kwa ethanoli ya asilimia 70, toboa tundu dogo juu ya chumba cha hewa, na kwa pipeti dondosha mikrolita 100 za mmumunyo juu ya utando wa ndani. Usichome utando. Kemikali inapenya yenyewe, na mishipa iko chini yake. Ziba tundu kwa utepe na urudishe yai upande butu ukiwa juu.

Siku ya 11, mulika tena na urekodi waliokufa. Kwa wazima, kata ganda la juu, lowesha utando wa ndani kwa saline (maji ya chumvi) ili uwe wazi, kisha ubandue taratibu. Mshipa mnene utauona. Utoboe, chukua tone la damu, na ulitandaze kwenye slaidi mbili kwa kila yai. Damu ya kiinitete ni nyepesi na ina protini chache, kwa hiyo seli hupasuka zikikauka polepole. Ukiona hivyo, changanya tone la damu na tone la seramu ya ndama kabla ya kutandaza, na kausha haraka kwa feni. Pima uzito wa kiinitete. Kikiwa kidogo sana kuliko vya kundi linganishi, kemikali imechelewesha ukuaji na unahitaji kulijua hilo wakati wa kutafsiri.

Gandisha seli kwenye slaidi (yaani zikaze, si kuziweka kwenye barafu) kwa methanoli safi dakika 5. Kisha rangi ya May-Grünwald ikifuatiwa na Giemsa. Aliyewahi kutia rangi slaidi za malaria tayari anajua nusu ya kazi hii: bafa ya pH 6.8 hadi 7.2, rangi iliyochujwa siku hiyo hiyo, na kusuuza kwa kuelea, si kwa kumwaga. Mabaki ya Giemsa yaliyoganda ni vijiduara vya zambarau, na unajua tayari unatafuta kitu chenye umbo gani.

Mayai nayapata wapi?

Si dukani. Mayai ya kisasa yanatoka kwa kuku wa kufungiwa wasio na jogoo, hayana kiinitete. Ya kienyeji sokoni yanaweza kuwa na mbegu, lakini hujui umri wake, wala kama yamekaa juani, wala mama alikula nini. Nenda kituo cha kuzalisha vifaranga na uombe mayai ya kutotoleshwa kutoka kundi moja la wazazi, ikiwezekana ya aina ya mtagaji mwepesi kama Leghorn mweupe, maana ndiye aliyetumika kujenga takwimu nyingi zilizochapishwa. Vifaranga wa nyama hukua kwa kasi nyingine. Uliza kama wazazi wamepewa dawa wiki za karibuni, na uandike jibu. Mayai yasizidi siku 7 tangu kutagwa na yawe yamehifadhiwa kwenye nyuzi 15 hadi 18. Kwenye friji ya nyumbani, hapana.

Kwa nini siku ya 8 na ya 11, si nyingine?

Kiinitete cha kuku hutengeneza kizazi cha kwanza cha chembe nyekundu kwenye mfuko wa ute wa njano. Baadaye huja kizazi cha pili, cha kudumu, ambacho kufikia siku ya 11 kimetawala damu. Unahesabu mikronukliasi kwenye kizazi cha pili tu. Kukiwa na siku tatu kati ya kemikali na damu, seli changa zilizopigwa zinapata muda wa kugawanyika na kuingia kwenye mzunguko. Ukitoa damu mapema, mkato upo lakini haujawa mikronukliasi. Ukichelewa, seli mpya zisizoguswa zinazidi kumwagika na kuzimua matokeo.

Kuzitofautisha si kazi kubwa ukishazoea. Za kizazi cha kwanza ni kubwa, za mviringo, na kiini chake ni duara. Za kizazi cha pili zimerefuka, na kiini chake kirefu kimekolea rangi. Ukikuta slaidi ya siku ya 11 imejaa za kizazi cha kwanza, kiinitete kimechelewa na yai hilo lisiingie kwenye hesabu.

Umeme ukikatika je?

Kukatika kwa nusu saa mlango ukiwa umefungwa si msiba. Saa kadhaa ni jambo jingine. Kiinitete hakifi, kinachelewa, na "siku ya 11" yako inakuwa siku ya 10 na kitu. Ndiyo sababu tunasisitiza kuangalia hatua ya ukuaji kwa jedwali la Hamburger na Hamilton la mwaka 1951. Siku ya 8 inalingana na hatua ya 34, na siku ya 11 na hatua ya 37. Tumia mayai mawili matatu ya ziada yasiyotiwa kitu kwa ukaguzi huo. Weka pia kipimajoto chenye kumbukumbu ndani ya mashine. Kile kilichobandikwa mlangoni kinakuambia nyuzi za sasa tu, hakijui kilichotokea saa nane usiku.

Nitumie kipimo gani cha kemikali?

Andika kwa miligramu kwa yai. Yaliyomo ndani ya yai la gramu 55 ni kama gramu 49, kwa hiyo miligramu 1 kwa yai ni takribani miligramu 20 kwa kilo ya yai. Usigeuze kuwa kilo ya uzito wa kiinitete. Siku ya 8 kiinitete kina gramu moja na ushei tu, siku ya 11 kinakaribia gramu 4, na hujui kemikali imegawanyikaje kati yake na ute.

Anza na jaribio la kutafuta kiwango: mayai 4 kwa kila dozi, dozi zikipishana mara kumi. Kisha kwenye jaribio lenyewe chukua dozi tatu au nne zinazopishana mara mbili hadi tatu, ya juu kabisa ikiwa ile inayoanza kuua lakini bado inakuachia angalau mayai 6 mazima. Kwa dozi hiyo anza na mayai 12.

Kiyeyushi bora ni maji au saline. DMSO (kiyeyushi cha vitu visivyoyeyuka kwenye maji) hutumika, lakini kwa wingi inaua kiinitete chenyewe. Punguza ujazo, mikrolita 50 au chini, na lazima kuwe na kundi lililopewa kiyeyushi kitupu kwa ujazo huo huo. Rekebisha pH. Asidi kali kwenye utando inaunguza mishipa, na utahesabu vifo ambavyo havihusiani na kromosomu. Kitu kisichoyeyuka kikabaki kama unga juu ya utando hakijapimwa, hata kama karatasi yako inasema "hasi".

Ninajuaje kwamba nilichokiona ni mikronukliasi kweli?

Kiwe duara au umbo la yai, mipaka yake iwe safi. Kipenyo kisizidi theluthi moja ya kiini kikuu. Rangi na ukolezi vifanane na kiini kikuu. Kiwe ndani ya saitoplazimu, kiwe kimeachana na kiini, na kionekane kwa umakini ule ule wa lenzi. Ukizungusha kirekebisho kidogo kikametameta, hicho ni uchafu au bonge la rangi. Tumia lenzi ya mafuta ya 100.

Kwa ndege wakubwa kuna mtego ambao hauko kwenye mayai: vimelea vya damu. Haemoproteus na Plasmodium wa ndege hukaa ndani ya chembe nyekundu, pembeni kabisa mwa kiini, na vikiwa vichanga vinadanganya hata mtu mzoefu. Tafuta chembechembe za rangi ya dhahabu au kahawia, na saitoplazimu ya buluu kuzunguka nukta. Mikronukliasi haina hivyo. Ndege mwenye vimelea vingi atolewe kwenye hesabu.

Anayehesabu asijue slaidi ni ya kundi gani. Mtu mwingine abandike namba za siri na azitunze mpaka hesabu iishe. Tumeliweka hili katikati ya jibu, lakini kama kuna sababu moja ya matokeo mengi ya mikronukliasi kutoaminika, ni hii.

Nihesabu seli ngapi?

Desturi ni chembe 1,000 za kizazi cha pili kwa yai, mayai 6 au zaidi kwa kundi. Je, zinatosha? Fanya hesabu mwenyewe. Kiwango cha kawaida kisicho na kemikali ni takribani mikronukliasi moja au pungufu kwa chembe elfu. Tukichukua moja, mayai 6 yanakupa 6 katika chembe 6,000, na kwa bahati tupu namba hiyo inaweza kuwa popote kati ya 2 na 11. Kemikali ikiongeza mara tatu, yaani 18 dhidi ya 6, uwezekano wa kuipata tofauti hiyo kwa bahati ni kama 1 katika 100. Hapo una kitu. Ikiongeza mara mbili tu, 12 dhidi ya 6, bahati inaweza kukupa hivyo mara 12 katika 100, na huna cha kuandika. Kuona ongezeko la mara mbili kwa uhakika unahitaji chembe kama 20,000 kwa kundi.

Hesabu hiyo inachukulia mayai yote ni sawa, nayo si sawa. Kwenye takwimu, kipimo ni yai. Usiyachanganye mayai yote kuwa lundo moja la seli. Yai moja lenye mikronukliasi 9 na mengine matano yenye sifuri si matokeo chanya. Ni swali kuhusu yai moja.

Matokeo chanya na hasi yanatambuliwaje?

Chanya: ongezeko lenye maana kitakwimu, linalopanda kadiri dozi inavyopanda, na linalotoka nje ya masafa ya makundi linganishi yote ya nyuma ya maabara yako. Ukikosa moja kati ya haya, rudia. Hasi inahitaji ushahidi kwamba kemikali ilifika: vifo, uzito kushuka, au uwiano wa chembe changa kubadilika. Na kila awamu iwe na kundi lililopewa klastojeni inayojulikana. Siklofosfamaidi inapendwa kwa sababu haifanyi kazi mpaka igeuzwe na ini, hivyo ikitoa mikronukliasi imethibitisha mambo mawili kwa pamoja: rangi na macho yako yako sawa, na ini la kiinitete linafanya kazi.

Nataka kuona kromosomu zenyewe zilivyokatika. Inawezekana?

Inawezekana, na ndiyo njia ya kutenganisha klastojeni na anyujeni. Tumia viinitete vya siku 4 hadi 5, ambavyo seli zake zinagawanyika kwa kasi. Baada ya kemikali, weka kolkisini ndani ya yai kwa dakika 30 hadi 60 ili seli zisimame kwenye metafezi (hatua ya mgawanyiko ambapo kromosomu zinaonekana wazi). Ukizidisha muda, kromosomu hufupika zikawa kama punje za mchele na mikato haionekani. Katakata kiinitete, kiweke kwenye kloridi ya potasiamu 0.075 M kwa dakika 15 hadi 20 kwenye nyuzi 37, kisha gandisha kwa methanoli na asidi asetiki kwa uwiano wa 3 kwa 1, ukibadilisha mara tatu. Dondosha kwenye slaidi baridi iliyolowa. Seli zikibaki zimebanana, muda kwenye kloridi ya potasiamu haukutosha. Kromosomu zikitawanyika hadi hujui ni za seli ipi, ulizidi.

Mapengo, yaani sehemu ambapo kromosomu haijaachana kabisa, yaandike safu yake, lakini usiyaingize kwenye jumla ya mikato.

Maabara ya Stephen Bloom ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilionyesha miaka ya 1970 kwamba viinitete vya kuku vinaweza pia kupewa bromodioksiyuridini kwa mizunguko miwili ya seli ili kuona kromatidi dada (nakala mbili za kromosomu moja) zikibadilishana vipande. Ni kipimo chepesi kuhisi, ila kubadilishana huko si sawa na kuvunjika.

Kuku wakubwa au kware wanafaa?

Kware ni mdogo, anakomaa kwa wiki 6 hivi, na anatunzika. Sampuli huchukuliwa saa 24, 48 na 72 baada ya dozi. Chembe nyekundu za kuku huishi kama mwezi mmoja, kwa hiyo damu ya kawaida imejaa seli zilizozaliwa kabla ya dozi yako. Hesabu kwenye chembe changa tu, ukitumia rangi ya akridini chungwa. Damu chukua kwenye mshipa wa bawa, isizidi asilimia 1 ya uzito wa mwili.

Ukitaka uboho, jihadhari na mfupa. Mfupa wa juu wa bawa la kuku una hewa, hauna uboho. Chukua ule mrefu ulio chini ya paja, unaoliwa kama kipande cha mguu. Na usitumie kuku anayetaga: mifupa yake hujaa mfupa laini wa akiba ya kalsiamu na utachokonoa bila kupata seli. Majogoo wachanga au mitetea ndio wa kutumia.

Jaribio la kometi linafaa kwa damu ya ndege?

Sana. Jaribio hili huvuta DNA ya seli kwa umeme ndani ya jeli, na iliyokatika hutoka kama mkia wa kometi; kwa ndege, kila chembe nyekundu ina DNA. Kosa la kwanza la kila mtu ni kuweka damu nyingi. Mikrolita moja ina chembe kama milioni 3. Izimue mara mia au zaidi kabla ya kuchanganya na agarosi, la sivyo vichwa vya kometi vitapandana. Tumia heparini kuzuia kuganda. EDTA, dawa nyingine ya kuzuia kuganda, hupasua chembe za baadhi ya ndege, wakiwemo kunguru na mbuni. Fanya kazi kwenye mwanga hafifu na barafu, maana damu iliyoachwa mezani inajitengenezea mikia yenyewe.

Kometi inaonyesha mikato ya sasa hivi, mingi ambayo seli itaiziba ndani ya saa chache. Mikronukliasi inaonyesha ile iliyoshindikana. Zikipingana, haimaanishi kwamba mojawapo imekosea.

Naweza kutumia ndege wa porini, mfano kunguru wa dampo?

Kunguru wa Kihindi, aliyeletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa ni kero pwani nzima, anavutia kwa hili: anakula taka, ni wengi, na kampeni za kumpunguza zipo. Lakini hujui umri wake, wala alikula wapi jana, na vimelea vya damu ni vya kawaida. Utahitaji ndege wa kulinganisha kutoka mahali safi, wa umri na msimu ule ule.

Ndege wa porini wamefanya kazi nzuri pale chanzo kilipokuwa wazi. Baada ya bwawa la mabaki ya mgodi wa Aznalcóllar, Hispania, kupasuka Aprili 1998, makinda ya korongo weupe wa eneo la Doñana walionyesha uharibifu mkubwa wa DNA kwa kometi kuliko wa mahali pengine. Huo ni ufuatiliaji wa mazingira. Usiuite jaribio la kemikali, kwa sababu hakuna dozi.

Aflatoksini inaingiaje hapa?

Inaingia kwa mlango mkuu. Sumu hii ya ukungu iligunduliwa kwa sababu ya ndege: mwaka 1960 Uingereza ilipoteza batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yenye ukungu. Ini hugeuza aflatoksini B1 kuwa epoksaidi inayonasa kwenye guanini ya DNA. Bata na batamzinga huathirika haraka, kuku ni mgumu zaidi. Kwa hiyo matokeo ya kuku yasikutulize kuhusu binadamu. Kwa ukanda wetu si nadharia. Mwaka 2004 mahindi yenye sumu hii mashariki mwa Kenya yaliwaugulisha watu 317 na kuua 125, na kikomo cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa aflatoksini zote, 5 kwa B1. Kundi la utafiti la New York Medical College hutumia ini la kiinitete cha kuku au batamzinga kwa sumu za aina hii: kwa kuku, dozi tatu siku ya 9, 10 na 11, na ini kuchukuliwa saa 3 baada ya dozi ya mwisho.

Mamlaka za udhibiti zitakubali matokeo yangu?

Kama ushahidi wa nyongeza, ndiyo. Kama mbadala, usitegemee. Miongozo ya OECD (shirika la kimataifa la ushirikiano wa kiuchumi na maendeleo) ya kromosomu na mikronukliasi, namba 473, 474, 475 na 487, inahusu seli za chupani na mamalia. Miongozo yake ya ndege, kama 205, 206 na 223, inapima vifo na uzazi. Ulaya ndiko yai limepata msukumo, baada ya vipodozi vilivyojaribiwa kwa wanyama kupigwa marufuku kabisa sokoni Machi 2013.

Je, yai linahitaji kibali cha maadili?

Inategemea nchi na umri wa kiinitete. Uingereza inakilinda kiinitete cha ndege kuanzia theluthi ya mwisho ya uatamiaji, kwa kuku ni siku ya 14. Kumaliza siku ya 11 kunakaa ndani ya mpaka huo. Nyumbani, peleka itifaki kwenye kamati ya chuo hata kama unadhani haihitajiki, kwa sababu jarida litaiomba. Kwa ndege waliokwisha kuanguliwa hakuna mjadala: Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008.

Taka zinatupwaje?

Mayai yote, hata ya kundi linganishi, yawekwe kwenye friza mara baada ya kutoa damu, kisha yachomwe kwenye tanuri la taka hatarishi. Hakuna yai la maabara linalorudi jikoni wala kwa nguruwe wa jirani, na hili liandikwe kwenye mlango wa friza kwa herufi kubwa. Klastojeni za kulinganishia ni sumu za saratani. Zipime ndani ya kabati la hewa, vaa glavu jozi mbili, na usipime unga mkavu feni ikiwa inazunguka. Vyombo vya aflatoksini vilowekwe kwenye hipokloraiti ya sodiamu, kisha viongezwe asetoni, maana hipokloraiti pekee inaweza kuacha zao jingine lenye sumu. Maganda yaliyotobolewa nayo ni taka hatarishi. Yana utepe, na ndani ya utepe kuna tone.